Sahani Mbele ya Mithu

Kitale,
Aprili 1990.

Senge Peris mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umeinama kwenye tumbaku, kwa maana ni ndefu na sitaki uisome ukiwa umesimama. Goti lako linaendeleaje? Baba aliniambia kwamba mvua zikianza linakusumbua, na huku Kitale zimeanza kweli, kila alasiri mabati yanalia mpaka watu wanaongea kwa mikono. Je, miche imeshika huko Malakisi? Msalimie Baba Wanjala, na Wanjala mwenyewe umwambie sijasahau kwamba nilimwahidi kalamu.

Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika hivyo kwa makusudi. Senge, tangu Januari ninakula chakula cha mtu aliyekufa. Sisemi chakula alichokiacha. Nasema chakula anachopikiwa. Kinapikwa kila siku, kinawekwa kwa jina lake, na mimi ninakila mpaka sahani inang'aa. Sijamwambia mtu yeyote, si baba, si mama, si mchungaji. Wewe nakuambia kwa sababu mama alinifundisha kwamba neno lisiloweza kupelekwa kwa wazazi hupelekwa kwa senge, dada wa baba. Sasa naomba unisikilize tangu mwanzo, kwa sababu nikilieleza neno hili peke yake utadhani nimerukwa na akili.

Unajua baba anashona nguo barazani pa duka la vitambaa la Bwana Baldev. Likizo zote za shule nilikuwa nakuja kukaa naye hapa mjini, na mchana nilitumwa nyumbani kwa Bwana Baldev, pale nyuma ya duka, nikamsaidie dada yake mdogo, Leela. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo tu. Moyo wake uliharibiwa na homa ya utotoni, hata akawa hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati na kuweka mkono kifuani. Shule aliiacha mapema. Mimi, unavyonijua, sina maneno mbele ya watu, na yeye hakuwa na pumzi ya maneno mengi, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Alichokuwa nacho Leela ni ndege. Mjomba wake alimletea kutoka Singapore, na ni mwekundu kama pilipili iliyoiva, mabawa yake kijani. Aina yake inaitwa lori. Wabwile, mpishi wa nyumba hii, ambaye ni mtu wa kwetu Myanga, alipolisikia jina hilo aliweka mwiko chini akacheka. Akasema, "Ati lori? Basi Nasimiyu ndiye turnboi!" Mpaka leo ananiita Turnboi, kama utingo wa lori la mizigo. Lakini ndege mwenyewe anaitwa Mithu. Wageni wakimwona hungoja aseme kama kasuku. Hasemi. Anapiga mluzi tu, na akikasirika anatoa sauti kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta.

Leela ndiye aliyenifundisha kumlisha, yeye akiwa amelala na mimi nimesimama na bakuli. Alinionyesha ulimi wa Mithu. Ncha yake ina vinyweleo kama brashi, kwa sababu Mungu alimuumba alambe maua, hakumuumba apasue mbegu. Sisi wote tulidhani ndege ni ndege, mwagia mtama, yamekwisha. Leela alisema mbegu kavu zingemkondesha huku bakuli limejaa. Asubuhi ni uji mwembamba wa unga wa watoto wachanga, kwa maji ya uvuguvugu, na tone la asali, tone tu. Uji huo usikae mpaka jua liwe kali, maana unachacha, na bakuli lioshwe kwa maji ya moto kila mara. Baadaye apewe papai, au pera laini, au kipande cha embe, na jani la sukuma wiki lililokatwa kama nywele. Halafu maua. Kuna ule mti wa maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, upo mmoja karibu na posta. Nilikuwa naokota matawi yake na Mithu anayapekua mpaka uso wake unakuwa wa manjano kwa ule unga wa maua.

Avokado hapana kabisa, hata kama mti wa jirani unaziangusha uani kama mvua, kwa kuwa kwake ni sumu. Chumvi hapana. Chai hapana. Na kuliko vyote, vitu vya sukari, kwa sababu Mithu anapenda utamu na hajui kuacha. Siku moja Leela aliangalia mlango kwanza, ndipo akaniambia kwamba mama yake angeweza kumuua Mithu kwa upendo. Akasema, "Nasimiyu, mimi nikienda, wewe usimwachie Mummy bakuli." Nilimwambia asiseme hivyo, hataenda popote. Alicheka kidogo, kwa pumzi ile yake fupi, akasema, "Wewe sema sawa tu." Nikasema sawa.

Alifariki mwezi wa Agosti mwaka jana, mimi nikiwa shuleni Bungoma tukijiandaa kwa mtihani wa mwisho. Walimchoma kwa moto kama desturi yao ilivyo. Baba ndiye aliyeniletea habari, siku ya wazazi kutembelea, akiwa ameshika ndizi alizoninunulia njiani, na mimi sikulia mbele yake. Mpaka leo sijui kama nimelia inavyostahili.

Sasa, watu wa nyumba hii wana siku zao za kuwakumbuka wafu, mnamo mwezi wa Septemba. Hupika vyakula alivyovipenda marehemu na kuviweka juu ya ukuta, ili kunguru waje wale. Kunguru akila, wanajua marehemu amepokea. Haya nilielezwa na Wabwile. Alisema siku ya Leela, kunguru hawakuja. Mvua ilinyesha, na mama yake Leela, Mama Kaushalya, alisimama uani na sahani yake mpaka puri, zile chapati ndogo za kukaanga, zikalowa. Ndipo Mithu akapiga mluzi ndani ya nyumba. Mama Kaushalya akageuka, akaipeleka ile sahani kwenye tundu la ndege, na Mithu akala. Tangu siku ile hakuacha. Bwana Baldev alimweleza kwa upole kwamba desturi ni kunguru, si ndege wa kufugwa, tena ni kwa siku zile tu, si mwaka mzima. Mama yake akamjibu kwamba kunguru ni wa watu wote, lakini huyu ni wa Leela.

Nilipomaliza shule, Bwana Baldev alimwomba baba nije nikae hapa, niangalie ndege na kumpa mama yake mtu wa kukaa naye. Nilifika Desemba. Senge, ungemwona Mithu ungelia. Alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamesimama kama ya kuku aliyenyeshewa, wekundu wake umekuwa kama wa tofali kuukuu. Kinyesi chake kilikuwa maji ya kunata yenye harufu mbaya. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ladu, yale madonge yao matamu, na wali wa maziwa uliojaa sukari, na kikombe cha chai. Bado alikuwa anakula. Hilo ndilo lililonitisha, alikuwa anakula huku anakufa.

Nilijaribu kusema. Ilinichukua siku kadhaa kuyapanga maneno, na nilipoyatoa yalitoka madogo. Nilimwambia Mama Kaushalya kwamba Leela mwenyewe alikataza sukari. Alinitazama kama mtu anayetazama dirishani, akasema kwa Kiswahili chake, "Leela nakula. Wewe nataka mtoto yangu lala njaa?" Nilimwendea Bwana Baldev. Alimwita daktari wa mifugo, na daktari akasema yeye amesomea ng'ombe na kuku, ila hata yeye anaona ndege huyu amelishwa vibaya, na asipoachishwa sukari hatafika mvua za masika. Bwana Baldev alinipeleka kando akaniambia, "Ongea na Mummy. Mimi siwezi. Nikimwondolea hiyo sahani nitakuwa nimemzika dada yangu mara ya pili." Mtu mzima, Senge, mwenye duka, anamwomba msichana ambaye hata kuagiza chumvi dukani anatokwa jasho.

Mama Kaushalya ana kawaida moja. Akishaweka sahani anatoka na kufunga mlango, kwa sababu anasema walio hai hawapaswi kuwahesabia wafu matonge. Mimi hubaki ndani, kwa kuwa ni mtumishi wa ndege na labda sihesabiwi. Basi siku moja ya Januari mlango ulipofungwa, nilimpa Mithu uji wake na papai lake, nikaishika ile sahani nisijue niipeleke wapi. Dirisha lina nyavu. Mfukoni ningechafuka. Nikasikia nyayo zake zinarudi. Nikala. Nilikula ladu zote kama mwizi, bila kutafuna vizuri.

Alipoingia na kuona sahani tupu aligusa chuma cha tundu kwa paji la uso, akalia. Akaniambia, "Leo yeye nakula yote. Iko njaa sana mtoto yangu." Na kesho yake akapika zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kwa upande wa Mithu nilifanya vema, nataka ujue hivyo. Kabla Februari haijaisha manyoya yake yalilala. Wekundu ukarudi, kwanza shingoni, halafu kifuani. Mluzi wake unasikika mpaka barazani kwa baba. Sasa akiona matawi ya maua ananing'inia kichwa chini na kucheza kama mtoto. Wabwile anasema hajawahi kuona ndege mdogo namna hii anayekula kama fundi wa mawe. Alisema, "Turnboi, hilo lori lako linabeba tani ngapi?" Nilicheka naye, nikatoka jikoni upesi.

Ni upande wangu ndio unaonitisha. Unakumbuka Kukhu, bibi yangu, alikuwa akimega tonge la kwanza na kulitupa kando ya mlango, kwa ajili ya waliotangulia? Kuku walilila, na hakuna aliyewalaumu kuku. Nimejaribu kujifariji kwa hilo. Lakini mimi si kuku, ninajua ninakula cha nani. Jumapili moja mchungaji alisoma habari za vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, na baba, akiwa mzee wa kanisa, alikuwa ameketi mbele akiitikia kwa kichwa. Niliinama nikajifanya natafuta ukurasa.

Halafu yalianza mambo madogo. Nikipanda ngazi za nyumba hii nasimama katikati. Sijachoka, miguu ndiyo inayosimama. Baba aliniona nimeweka mkono kifuani akaniuliza kama ninaumwa, nami nikashangaa kuuona mkono wangu pale. Usingizi wangu ni mzuri, siwezi kusema ninaota vibaya. Ila naamka na ladha ya iliki mdomoni kabla sijala kitu.

Mwezi uliopita Mama Kaushalya aliweka kwenye sahani kipande kikubwa cha achari ya embe, ile kali ya nyumbani. Leela aliipenda kuliko kitu chochote, ingawa daktari alimkataza chumvi. Mimi sijawahi kuipenda, hata harufu yake hunikera. Tena ndege gani anakula achari? Mtu mwenye akili angeiacha pale pale. Senge, mate yalinijaa mdomoni kabla mlango haujafungwa. Niliila yote nikalamba kidole. Mama Kaushalya aliporudi alitazama sahani, kisha akanitazama mimi, na macho yangu yalikuwa yanatiririka kwa ukali wa pilipili. Alinimiminia maji, akangoja mpaka nikayamaliza.

Siku iliyofuata sahani haikuwa tena mbele ya Mithu. Ilikuwa juu ya meza fupi karibu na kitanda cha Leela, na kando yake mto wa kukalia na bilauri ya maji. Tangu hapo imekuwa ni chakula cha mtu, chapati, dengu, biringanya, na achari daima. Anaweka, anatoka, anafunga mlango. Hatujawahi kuzungumza juu yake. Mithu sasa hamhusu Mama Kaushalya, ameniachia mimi bakuli, kama Leela alivyotaka. Nilijiambia kwamba ikiwa hiyo ndiyo bei ya uhai wa ndege, basi si kubwa. Nilijiambia hivyo kila siku nikitafuna.

Sasa nifikie neno lenyewe, ambalo nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Juma lililopita baba aliniambia mwezi wa Mei nirudi nyumbani Myanga, nimsaidie mama wakati tunangoja habari za chuo cha ualimu. Nilifurahi, Senge, nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nilimweleza Mama Kaushalya, na nikamwomba ruhusa ya kumfundisha Wabwile namna ya kumlisha Mithu. Aliendelea kuchambua mchele. Lakini kesho yake meza fupi ilikuwa tupu, mto umeondolewa, na sahani imerudi kwenye tundu la ndege. Juu yake ladu, na jalebi zinazodondosha sukari, na chai. Nilipoingia alikuwa amesimama pale pale, hajatoka, na mlango uko wazi. Akasema, bila hasira, "Wewe kwenda tu. Mithu takula."

Na Mithu akashuka kwenye kijiti chake. Nilimwona anatoa ule ulimi wake.

Nilikuwa na maneno mengi, Senge. Ningeweza kusema daktari alivyosema. Ningeweza kusema, mama, mimi ndiye niliyekuwa nikila, nisamehe, usimuue ndege wa binti yako. Yote hayo yalikuwa kinywani mwangu. Badala yake niliketi sakafuni karibu na kitanda, pale mto ulipokuwa ukiwekwa, na nikasikia sauti inasema, "Mummy, nina njaa." Ilikuwa yangu, kwa maana ilitoka kwangu. Lakini sikusema kwa Kiswahili. Nilisema kwa Kihindi chao, polepole, na nikavuta pumzi katikati ya maneno. Labda niliwahi kumsikia Leela akisema hivyo. Ninatafuta siku niliyomsikia, na siipati.

Mama Kaushalya aliitoa sahani kwenye tundu. Akaenda kuzimwaga zile jalebi, akaenda jikoni mwenyewe, akamwambia Wabwile ampishe. Alirudi na chapati za moto. Safari hii hakutoka. Aliketi mbele yangu, akanimegea, akanilisha kwa mkono wake, akinitazama kila tonge, yeye aliyesema wafu hawahesabiwi matonge. Nilipomaliza alinifuta mdomo kwa ncha ya nguo yake. Mithu alikuwa anapekua maua yake, hana habari nasi.

Kwa hiyo sitakuja Myanga mwezi wa Mei. Nikiondoka, Mithu hatamaliza mwezi, na mama huyu sijui. Nikibaki, nafikiri mimi ndiye nitakayeisha, ila taratibu, na nikiwa nimeshiba. Nakuomba uongee na kaka yako aniache hapa kwa sasa. Mwambie Mama Kaushalya ananihitaji, mwambie ninalisha ndege. Si uongo. Tena nakuomba uje, Senge, goti likikuruhusu. Usinitumie salamu dukani. Ingia uani mpaka mlangoni na uniite jina langu kwa sauti, Nasimiyu, hata mara mbili tatu nisipotoka haraka. Nataka kuona kama nitatoka.

Ninaishia hapa kwa kuwa meza inaandaliwa, nasikia sahani. Nisalimie wote wa nyumbani kwako na majirani wanaonikumbuka. Mungu akutunzie mikono yako na mvua zisiwe nyingi kuliko miche inavyotaka.

Ukishaisoma barua hii itie motoni, chini ya sufuria. Baba asijue, wala mama, wala Wabwile akipita huko likizoni na kukuuliza. Nakusihi, Senge, neno hili libaki kwako wewe peke yako.

Mimi mtoto wa kaka yako,

Nasimiyu Absalom